JKIA, Mombasa, KIA au Entebbe: tiketi yako ianzie wapi?

Kuna mama mmoja, mfanyabiashara wa nguo wa Eastleigh, aliyewahi kunigeuzia simu yake juu ya kaunta siku zile nikiuza tiketi mjini. Alikuwa anakwenda London kumwona bintiye aliyejifungua. "Hebu nieleze, kijana wangu," akasema. "Ndege ni hii hii, namba yake ni hii hii, inaondoka hapa Embakasi usiku. Mimi nikipandia hapa ni ghali. Mtu akianzia Uganda, akaletwa kwa ndege nyingine mpaka hapa, akaketi kando yangu, analipa kidogo. Yeye amesafirishwa zaidi, mimi nimelipa zaidi. Hiyo hesabu mlisomea wapi?"

Nikamgeuzia na mimi skrini yangu. Kwenye kompyuta za kuuzia tiketi kuna mstari wa mahesabu ya nauli, nao mara nyingi huchapishwa chini ya tiketi kwa herufi ndogo ambazo hakuna anayezisoma. Mstari wa ile tiketi ya bei nafuu ulianza na EBB, yaani Entebbe, ukafuata X/NBO, ukaishia LON. Nikaweka kidole kwenye ile X. "Mama, hiyo X maana yake Nairobi ni pa kupita tu. Kwenye tiketi hii mji wetu si mji, ni korido." Akacheka. Lakini tofauti ya bei ilikuwa inatosha kununua friji ndogo, na friji alikuwa anaitaka.

Swali lake nimelisikia kwa sura nyingi tangu hapo. Mkaazi wa Nairobi anayekwenda nje ana viwanja vinne anavyoweza kuvifikia bila kupanda ndege: JKIA wenyewe, yaani Jomo Kenyatta pale Embakasi, Moi wa Mombasa, Kilimanjaro ambao wenyeji huuita KIA, ulio kati ya Arusha na Moshi, na Entebbe ukingoni mwa Ziwa Viktoria. Ukitafuta tarehe moja, mji mmoja wa kwendea, vinne hivi vitakupa bei nne, na mara nyingine ule wa mbali zaidi ndio wa chini. Addis Ababa naiacha nje. Anayepanda basi mpaka Moyale na kuendelea hadi Bole, uwanja wa Addis, ili kuokoa nauli ana safari yake nyingine moyoni.

Tunapima nini

Wanaolinganisha viwanja hivi mara nyingi hulinganisha namba moja tu, ile iliyo kwenye skrini. Mimi napima vitu vitano: bei ya tiketi na sababu yake, pesa na saa za kufika uwanjani, mpaka na hati, nani anabeba hasara ndege ikikupita, na mwisho mizigo pamoja na safari ya kurudi, kwa kuwa watu hupanga kwenda kwa makini na kurudi kwa kubahatisha. Hicho kipimo cha nne ndicho kinachosahauliwa kuliko vyote, na ndicho nilichoona kikiwaliza watu.

Bei, na kwa nini karibu si nafuu

Nauli ya ndege haipimwi kwa kilomita. Ukiipima hivyo utaumwa na kichwa. Shirika la ndege linajiuliza swali moja kuhusu mji wako: huyu abiria akinikataa, ana njia gani nyingine?

Kutoka JKIA kwenda London bila kuteremka popote, mashirika ni mawili, Kenya Airways na British Airways. Kwenda New York moja kwa moja ni Kenya Airways peke yake, tangu ilipoanza safari hiyo tarehe 28 Oktoba 2018. Mtu wa ofisi anayetaka kulala ndani ya ndege na kuamkia mkutanoni atalipa, na shirika linajua atalipa. Kwa hiyo bei ya Nairobi ya moja kwa moja ina kitu ndani yake ambacho si mafuta wala chakula. Ni ada ya kukuokolea usumbufu.

Sasa nenda Entebbe. British Airways iliacha kwenda huko mwaka 2015, na Uganda Airlines ilianza safari yake ya London Gatwick mwezi wa Mei 2025. Katikati ya miaka hiyo kila Mganda aliyekwenda London alilazimika kupitia mji wa mtu. Dubai, Doha, Addis, Istanbul, Brussels, Amsterdam, Nairobi, kote huko kuna shirika lililomsubiri kwa mikono miwili. Shirika lenye kituo chake Nairobi haliwezi kumwambia mtu wa Entebbe, "njoo upitie kwangu, na unilipe kama mtu wa Nairobi." Atakwenda Doha. Basi linashusha bei mpaka akubali. Viti ni vilevile, ila vimegawanywa katika mafungu yenye herufi, kila herufi na bei yake na masharti yake, na fungu linalofunguliwa kwa anayetoka Entebbe si lazima lifunguliwe kwa anayeanzia Nairobi. Hapo ndipo yule mama aliponaswa.

Jambo ambalo watu wetu hawaligeuzi upande wa pili ni kwamba upendeleo huohuo nasi tunaupata. Mkaazi wa Addis analalamika kwamba Mkenya anapitia mjini kwake kwenda Ulaya kwa bei ndogo kuliko yeye anayeishi hapo. Kwa Addis, sisi ndio Entebbe. Kwa Doha na Istanbul pia. Kwa hiyo kabla hujavuka mpaka wowote, linganisha kwanza JKIA ya moja kwa moja na JKIA ya kupitia korido ya wengine. Mara nyingi nusu ya pesa uliyokuwa unaifuata Uganda iko hapohapo Embakasi.

Mombasa ina tabia yake. Ni uwanja wa watalii kuliko wa watu wa mikutano. Ndege za Waitaliano wanaokwenda Watamu na Malindi, za Wajerumani wanaokwenda Diani, hujaa na kupungua kwa majira. Ethiopian inakupeleka Addis, na flydubai ilianza safari za Dubai mwezi wa Januari 2024. Ukinunua kwa Kenya Airways tiketi inayoanzia Mombasa ikipitia Nairobi, nyongeza juu ya bei ya Nairobi mara nyingi ni ndogo. Kwa anayeishi Nairobi hilo halina faida yoyote. Kwa jamaa wa Likoni au Kilifi ni neema. Faida ya Mnairobi kuanzia Mombasa hutokea hasa anapokwenda Dubai au Addis na mbele yake, katika wiki ambazo Nairobi imejaa.

KIA nao ni uwanja wa mlima. Wapanda Kilimanjaro na watu wa Serengeti ndio wanaoulisha, nao huja kwa wingi kati ya Juni na Oktoba, kisha tena kuanzia Desemba hadi Februari. KLM, Qatar Airways na Ethiopian zote hutua pale. Lakini mtalii anakuja wakati wewe unaondoka. Ndege iliyojaa wazungu wenye viatu vya kupandia mlima ikitua, haina uhakika wa kujaa inapoondoka, hasa msimu unapoanza. Viti hivyo ndivyo huuzwa kwa bei ya kushangaza. Msimu unapokwisha wote wanarudi kwao pamoja, na mshangao unageuka.

Kodi je? Watu wengi hudhani jibu lote liko huko, na wakala mvivu atakwambia "ni kodi tu" ili umwache anywe chai. Kenya inatoza ada ya abiria ya dola 50 kwa safari ya nje na shilingi 600 kwa ya ndani, na ada hiyo imo ndani ya tiketi. Uingereza inatoza kodi yake kwa anayeondoka kwao, ambayo kwa tiketi ya kwenda na kurudi utailipa uwe umeanzia Nairobi au Entebbe. Kodi kweli hutofautiana kati ya nchi na nchi, ila tofauti ya pesa ya friji haitoki huko. Angalia badala yake mstari wenye herufi YQ au YR. Umekaa katikati ya kodi ukajifanya kodi, lakini ni tozo ya shirika lenyewe, na linaipanga litakavyo.

Na dola usiisahau. Nauli za kimataifa hapa hupangwa kwa dola. Januari 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 160. Katikati ya mwaka huohuo ilikuwa karibu 130. Aliyeona bei ya tiketi "imeshuka" kati ya miezi hiyo huenda hakuona nauli yoyote ikishuka.

Kufika uwanjani

JKIA haihitaji maneno mengi. Matatu ya 34 ipo, teksi zipo, na tangu 2022 kuna ile barabara ya juu ya kulipia kutoka Westlands. Adui ni mvua ya saa 11 jioni na foleni ya Mombasa Road. Nimeona mtu wa South B akikosa ndege na mtu wa Nakuru akiiwahi.

Mombasa ni kazi ya SGR, treni ya reli ya kisasa. Tangu Januari 2024 nauli ni shilingi 1,500 kwa daraja la kawaida na 4,500 kwa la kwanza. Kuna jambo zuri ambalo wengi hawaliwazi: treni inaishia Miritini, na uwanja wa ndege uko Port Reitz, upande huohuo wa bara. Huna haja ya kuingia kisiwani na kupambana na foleni ya Makupa. Ukipanda treni ya usiku unafika alfajiri, unakunywa chai kwa utulivu, unakwenda uwanjani. Tatizo ni kupata kiti. Wikendi na sikukuu za shule treni hujaa mapema, na basi la usiku kwa zaidi ya kilomita 480 si maandalizi mazuri ya safari ndefu nyingine.

KIA ni kama kilomita 160 hadi Namanga, nyingine karibu 110 hadi Arusha, kisha kama 50 hadi uwanjani. Mabasi madogo ya Arusha na Moshi huondoka Nairobi kila asubuhi. Yale ya Moshi hupita njia panda ya KIA. Mengine huingia hadi ndani ukipatana na dereva, mengine hukushusha barabarani na sanduku lako ukabaki na madereva wa pikipiki wanaokukadiria kwa macho. Uliza kabla hujapanda.

Entebbe ndio mbali. Hadi Kampala ni takriban kilomita 650, basi la usiku kupitia Busia au Malaba, kisha kilomita 40 na kitu hadi uwanjani. Utafika umevimba miguu. Wako wanaokwepa basi kwa kununua tiketi ya peke yake ya ndege hadi Entebbe, saa moja na dakika chache, wanageuza, na kurudi kupitia Nairobi ileile waliyotoka asubuhi. Kwa daraja la kawaida huo ni mchezo wa kupoteza siku. Kwa daraja la biashara, ambako tofauti huweza kuwa kubwa mno, nimewaona watu wenye akili timamu wakifanya hivyo na kufurahi.

Tufanye hesabu moja kwa namba za mfano, ili uone umbo lake. Tuseme Nairobi ni shilingi 120,000 na KIA ni 98,000. Umeokoa 22,000. Basi dogo kwenda na kurudi, 6,000. Teksi za kuingia na kutoka KIA, 8,000. Gesti usiku mmoja Arusha kwa kuwa hutaki kubahatisha, 3,500. Chakula, 1,500. Jumla 19,000. Umebaki na 3,000 na siku mbili za kazi zimekwenda. Sasa weka familia ya watu wanne. Wameokoa 88,000 kwenye tiketi. Basi 24,000, teksi bado 8,000 kwa kuwa gari ni moja, vyumba viwili 7,000, chakula 6,000. Jumla 45,000, wamebaki na 43,000. Bei ni zilezile, barabara ni ileile, jibu limegeuka. Ndiyo maana mtu akiniuliza "ni nafuu wapi?" mimi humuuliza kwanza, "mko wangapi?"

Mpaka na hati

Kwa JKIA na Mombasa hakuna la kusema. Kwa KIA na Entebbe, Mkenya hahitaji viza, na pasipoti anayo tayari kwa kuwa anakwenda nje. Kinachowakwamisha watu ni kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Uganda inaitaka, na Tanzania inaitaka kwa anayetoka Kenya. Chanjo huanza kuhesabiwa baada ya siku 10, hivyo haichanjwi usiku wa kuamkia safari.

Mimi mwenyewe nimekaa Namanga zaidi ya saa mbili kwa sababu ya kadi ambayo haikuwa yangu. Kijana wa kiti cha nyuma hakuwa nayo. Dereva alizima injini, akanunua mahindi ya kuchoma, akatuambia gari halimwachi mtu. Wamama wa Kimasai walitukalia dirishani na shanga zao mpaka tukafahamiana kwa majina. Ndege niliiwahi, lakini niliingia uwanjani nikikimbia na mkoba umefunguka, soksi zikidondoka moja moja nyuma yangu.

Ikiwa mmoja wenu si raia wa Afrika Mashariki, hesabu inabadilika tena. Viza ya Tanzania ni dola 50 kwa wengi, na dola 100 kwa Wamarekani. Wakirejea Kenya kupitia Namanga kuna pia kibali cha kielektroniki cha kuingilia Kenya, dola 30 kwa wengi. Mgeni mmoja wa Marekani anaweza kuzimaliza faida za watu wawili.

Ndege ikikupita, nani analipa?

Hapa ndipo naomba usome polepole.

Ukinunua tiketi moja kutoka Entebbe hadi London kupitia Nairobi, na ndege ya kwanza ikachelewa ukaikosa ya pili, shirika lina wajibu wa kukutafutia nyingine. Safari yote ni mkataba mmoja. Lakini basi la Namanga halimo kwenye mkataba huo. Treni haimo. Ile tiketi ya peke yake ya kwenda Entebbe haimo. Ukichelewa kwa hayo, kwa shirika wewe ni mtu ambaye hakutokea, na tiketi za bei ya chini kwa kawaida hazina huruma kwa mtu ambaye hakutokea. Kwa kipimo hiki JKIA iko mbele kwa anayeishi Nairobi, Mombasa inafuata kwa kuwa hakuna mpaka katikati, na KIA na Entebbe zinakutaka ufike siku moja kabla.

Kisha kuna ujanja ambao kila mtu anadhani ameugundua yeye. Nanunua ile ya Entebbe ya bei nafuu, halafu napandia hapa Nairobi, kwa kuwa ndege si itapita hapa? Haiwezekani. Tiketi ina kuponi, na kuponi hutumika kwa mpangilio. Usipotokea Entebbe, zilizobaki zote hufutwa, pamoja na ya kurudi. Nimemwona kijana amesimama kaunta ya kuingilia saa 4 usiku na mashati yake ya baridi, ndugu zake kumi wamekuja kumsindikiza, na jina lake halimo. Alikuwa amenunua tiketi halali kabisa. Ilikuwa ya kuanzia mji mwingine.

Upande wa kurudi ujanja huo unawezekana kimwili: unateremka Nairobi, huendi Entebbe. Ila sanduku lililofungwa lebo ya EBB litaendelea na safari bila wewe, na masharti ya mashirika mengi yanakataza. Mwaka 2014 United Airlines ilifika hadi mahakamani dhidi ya mwanzilishi wa tovuti ya Skiplagged, iliyokuwa ikiwaonyesha abiria tiketi za namna hiyo. Mtu mwenye mkoba wa mkononi tu, mara moja maishani, huenda asifuatwe na yeyote. Mwenye namba ya uanachama na pointi za miaka, sikushauri.

Kuna njia ya halali ambayo haitumiwi sana. Katika safari za kimataifa, kupita mji kwa chini ya saa 24 huhesabiwa kuwa ni kuunganisha ndege, si kukaa. Tiketi ya Entebbe inayofika Nairobi asubuhi na kuondoka usiku bado ina X yake na bei yake. Ukitoka Entebbe kihalali, unaweza kula chakula cha mchana kwako Buruburu na kuoga.

Mizigo na kurudi

Bei ya chini huenda haina sanduku ndani yake. Soma kilo kabla ya kulinganisha shilingi. Tiketi mbili zinazotofautiana kwa 9,000, moja ikiwa na kilo 46 na nyingine na mkoba wa mkononi tu, hazijatofautiana unavyofikiri. Basi la Kampala nalo lina bei yake ya masanduku, na hupangwa na kondakta akikutazama usoni.

Kurudi ndiko kunakonifanya nisite zaidi kuhusu KIA na Entebbe. Wakati wa kwenda una hamu, unavumilia. Wakati wa kurudi umekaa angani usiku kucha, unatua saa 8 mchana, na nyumbani bado ni kesho. Aliyetua JKIA saa hiyohiyo yuko kitandani jioni, hata kama amelipa zaidi. Wa Mombasa anasubiri treni ya usiku, au analala kwa shangazi.

Nani aanzie wapi

JKIA inamfaa anayesafiri peke yake, mwenye ruhusa ya siku chache kazini, mwenye mtoto mchanga au mzazi mgonjwa, na yeyote ambaye siku yake ya kufika haisogezeki: mahojiano ya viza, siku ya kuripoti chuoni, mazishi. Pia inamfaa anayetaka kuokoa bila kuvuka mpaka, mradi akubali kuteremka Addis au Doha kwa saa chache.

Mombasa inamfaa wa Pwani bila mjadala, na Mnairobi anayekwenda upande wa Dubai ambaye angependa siku mbili za Nyali kabla ya kuondoka. Kama ulikuwa unakwenda Mombasa kwa shughuli nyingine, iangalie. Kuipandia treni kwa ajili ya tiketi pekee, mara nyingi haifiki mbali.

KIA inawafaa watu wanne na zaidi wanaosafiri pamoja, walio na muda, na hasa walio upande wa kusini wa mji. Mtu wa Kitengela au Kajiado anaitazama Namanga kwa jicho tofauti na mtu wa Ruaka. Angalia tarehe za msimu wa mlima na ujaribu kwenda kinyume na watalii.

Entebbe inamfaa wa Kisumu, Busia na Bungoma kuliko wa Nairobi. Kwa wa Kisumu kwenda Kampala au Nairobi ni karibu sawa, na kwa wa Busia na Bungoma Kampala ndiyo karibu. Kwa Mnairobi inaingia akilini akiwa na safari ya Kampala tayari, au akinunua daraja la biashara.

Wilson, uwanja mdogo wa hapa Nairobi, sikuusahau. Kwa safari za nje si mshindani, lakini kwa Lamu na Diani watu hushangaa kuona bei yake na ya JKIA zikitofautiana kwa mji uleule. Ndege za Wilson nyingi ni ndogo, mizigo mara nyingi kilo 15 kwenye begi laini, na wateja wake wengi ni watalii, hivyo bei imekatwa kwa mkoba wao. Jambojet kutoka JKIA inakata kwa mkoba wetu. Ila anayeishi Lang'ata aongeze nauli ya kuvuka mji kabla hajasema kitu.

Ukibaki njia panda, anza na tarehe. Tarehe haisogei, JKIA. Inasogea kwa wiki, tafuta kwanza Nairobi ya kupitia korido za wengine katika siku saba tofauti, Jumanne na Jumatano zikiwemo. Ukiona bado kuna pengo la kutosha, hesabu mko wangapi, ongeza basi, gesti na teksi kwa karatasi, na uone pengo limebaki kiasi gani. Kama mko wawili na pengo ni dogo kuliko mshahara wenu wa siku mtakazokosa kazini, acheni. Kama mko watano na mna wiki mbili za likizo, piga simu kwa watu wa mabasi ya Namanga.

Yule mama wa Eastleigh alikuwa peke yake, na masanduku mawili ya nguo za mtoto, na dukani alikuwa amemwachia msichana aliyeanza kazi mwezi huo. Aliondokea Embakasi na kuteremka Doha kwa muda wa saa tatu. Alilipa chini ya bei ya moja kwa moja, juu ya ile ya Entebbe. Aliporudi alipita ofisini kunionyesha picha za mjukuu, akanong'ona kwamba friji ameipata nusu, nusu nyingine nimwongezee mimi.